Maisha ya Marehemu Harry Thuku



Baada ya kusoma hesabu za mwaka, na baada ya kuwakumbuka waliofiwa na waliougua katika mitaa yetu, si vibaya tukigeuza nyuso zetu nyuma kidogo tukamtazama mtu mmoja ambaye bila yeye huenda vyama vya Waafrika mjini Nairobi vingechelewa sana kuzaliwa. Mtu huyo ni marehemu Harry Thuku. Jina lake limeandikwa katika barabara moja iliyo karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, na vijana wetu wengi hupita hapo bila kujua alikuwa nani. Lakini jina hilo hilo likitajwa barazani, Pumwani au Shauri Moyo, Kaloleni au Bahati, wazee hugawanyika. Wako wamwitao baba wa siasa, na wako wasemao kwamba aliwaacha wenzake njiani. Kusudi la kurasa hizi ni kueleza maisha yake tangu mwanzo hata mwisho, pasipo kuficha wala kuongeza, ili kila msomaji apime mwenyewe.

Utoto na Masomo

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 katika nchi ya Kambui, Kiambu. Mwaka ule ule Waingereza walitangaza himaya yao juu ya Afrika ya Mashariki, na kwa hiyo twaweza kusema kwamba mtu huyu na utawala ule walikua pamoja. Alipokuwa mtoto wa miaka 4 reli ilifika mahali palipoitwa Nairobi, penye maji baridi na matope mengi, na mji ukaanza kujengwa.

Wamisionari Waamerika wa Gospel Missionary Society walikuwa wamefungua kituo chao Kambui, na kijana Thuku akaenda kukaa kwao kwa muda wa miaka 4. Hapo alijifunza kusoma na kuandika, jambo ambalo siku zile lilikuwa la watu wachache mno miongoni mwa Waafrika. Elimu hiyo haikuwa kubwa kwa kipimo cha leo, lakini ilitosha kumfungulia mlango wa mji.

Kuingia Mjini

Mwaka 1911 Thuku alikuja Nairobi kutafuta kazi. Mji ulikuwa bado mchanga. Wazungu walikaa mahali pao penye miti na hewa nzuri, Wahindi walikuwa na bazaa yao, na Waafrika walijijengea wenyewe vijiji vya udongo na makuti ya madebe katika Pangani, Maskini, Kaburini na kile kijiji kilichoitwa Mombasa. Humo walichanganyika watu wa Pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo, wapagazi wa zamani na makarani wapya, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Mwanzo wake mjini haukuwa mwema. Kabla hajatulia katika kazi alishtakiwa kwa kughushi hundi, akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Twalitaja jambo hili kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu yafaa vijana wajue kwamba mtu aweza kuanguka mapema na baadaye akasimama mbele ya maelfu. Alipotoka gerezani alipata kazi ya kupanga herufi katika matbaa ya gazeti la Leader, lililokuwa gazeti la walowezi. Kazi ile ilimfundisha mambo mawili. Kwanza alijua jinsi maneno yanavyopigwa chapa na kusambazwa. Pili, kila siku alisoma kwa macho yake yale ambayo walowezi walikuwa wakiyasema juu ya Waafrika na kazi yao. Mwaka 1918 akaajiriwa na serikali katika ofisi ya Hazina kuwa karani wa simu, kazi ya heshima kwa Mwafrika wa wakati ule.

Shida za Baada ya Vita

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, Waafrika wa nchi hii walikuwa wamelipa gharama kubwa. Makumi ya maelfu ya vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi wao hawakurudi. Walikufa kwa njaa, homa na kuhara kuliko kwa risasi. Mtaa wetu wa Kariokor umepata jina lake kutokana na jeshi hilo la wapagazi. Waliorudi walitazamia shukrani. Badala yake waliona ardhi zaidi ikigawiwa Wazungu waliokuwa askari, na mwaka 1920 himaya ikafanywa koloni.

Mizigo iliwajia mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa kipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia utu uzima alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na maandishi ya mabwana zake, ikatiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Asiyekuwa nacho alikamatwa, na mfanyakazi aliyemkimbia bwana wake alitafutwa kwa hicho kipande. Wa pili ulikuwa kodi, iliyopandishwa hata ikafika shilingi 16 kwa mwaka. Wa tatu ulikuwa kazi ya lazima, kwa maana Oktoba 1919 serikali ilitoa waraka ulioagiza maofisa na machifu wahimize watu kwenda katika mashamba ya walowezi, na huko vijijini wanawake na wasichana pia walitolewa kwenda kazini. Wa nne ndio uliowasha moto. Mwaka 1921, biashara ilipoharibika na bei za mazao kushuka, walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Mtu aliyepokea shilingi 12 aliambiwa atapokea 8, na kodi ilikuwa pale pale.

Chama Chaundwa

Mwezi wa Juni 1921 Thuku na wenzake, wengi wao makarani, wapishi, maboi na madereva wa mjini, waliunda chama kilichoitwa Young Kikuyu Association. Mfano wao ulikuwa chama cha vijana wa Buganda, ambao baadhi ya watu wao walikuwa wakifanya kazi Nairobi. Lakini haukupita hata mwezi mmoja Thuku akatambua kosa. Kipande hakikuuliza kabila la shingo iliyokivaa, na mshahara uliopunguzwa haukupunguzwa kwa Mkikuyu peke yake. Basi Julai mwaka ule jina likabadilishwa, likawa East African Association, na mlango ukafunguliwa kwa Waafrika wa makabila yote na dini zote.

Wazee wanisamehe nikikaa kidogo hapa, kwani hili ndilo jambo kubwa katika maisha yake. Zamani zile wengi walidhani kwamba mtu wa kabila jingine ni mgeni tu wa kuonana naye sokoni. Thuku aliwakusanya katika mkutano mmoja Wakikuyu, Wakamba, Waganda, Wajaluo na Waislamu wa vijiji vya mjini, akasema nao kwa Kiswahili. Vyama vya ustawi vilivyokuja baadaye katika Pumwani na Kaloleni, vyenye kuzikana na kusaidiana bila kuuliza mtu ametoka wapi, vilipita katika njia aliyoitangulia yeye.

Julai 10, 1921 ulifanywa mkutano mkubwa mjini, na malalamiko ya watu yakapelekwa kwa simu ya maandishi moja kwa moja hadi London. Serikali ya hapa ilikasirika. Machifu nao walikasirika, kwa kuwa walikuwa na chama chao wenyewe na waliona kwamba kijana asiye na cheo amewaruka vichwa. Zaidi ya hayo, Thuku alikuwa akisaidiwa na Wahindi, khasa Bwana M. A. Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle, na walowezi wakasema kwamba maneno yake yalikuwa ya Wahindi tu. Hawakutaka kuamini kwamba mtu aliyevaa kikopo shingoni hahitaji kufundishwa na Mhindi kuwa kinaumiza.

Karani wa Hazina hakuweza kuendelea hivyo. Alitakiwa achague baina ya kazi yake na siasa, naye akachagua siasa, akaacha mshahara ambao Waafrika wachache sana walikuwa na mfano wake. Akaanza kusafiri. Alikwenda Kiambu na Fort Hall, ndiyo Murang'a ya sasa, na maelfu wakaja kumsikiliza. Aliwaambia watu wasikubali binti zao watolewe kwenda kazi ya lazima, na inasimuliwa kwamba alitaka vipande vyote vikusanywe vikamwagwe mbele ya nyumba ya Gavana. Upande wa Nyanza nako, Desemba 1921, vijana waliosoma Maseno walifanya mkutano wao mkubwa huko Lundha, Gem, wakaunda chama chao. Pepo moja ilikuwa ikivuma nchi nzima.

Siku ya Machi 16, 1922

Serikali iliona kwamba haiwezi kungoja tena. Machifu wengine walitoa ushahidi wa kiapo kwamba Thuku alikuwa mtu wa hatari kwa amani. Jumanne, Machi 14, 1922, alikamatwa akawekwa katika kituo cha polisi mjini.

Habari zilienea usiku ule ule. Siku ya pili yake wapishi waliacha majiko, madereva wakaacha magari, maboi wakaacha nyumba za mabwana, na watu wakaanza kukusanyika nje ya kituo. Huo ndio uliokuwa mgomo wa kwanza mkubwa wa Waafrika wa Nairobi, nao ulifanywa pasipo gazeti wala redio. Wengi walikesha pale wakisali na kuimba. Asubuhi ya Machi 16 umati ulikuwa umefika watu kiasi cha 7,000 au 8,000.

Wajumbe walichaguliwa wakaenda kuonana na wakuu wa serikali. Walirudi wakawaambia watu watawanyike, kwa kuwa wameahidiwa kwamba shauri la Thuku litaangaliwa kwa haki. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka. Ndipo akasimama mwanamke mmoja wa Murang'a, Mary Muthoni Nyanjiru, akawaona wanaume hao kuwa wameogopa. Aliinua vazi lake mbele yao, jambo ambalo katika mila za Wakikuyu ni aibu kuu wawezayo kutiwa wanaume na mwanamke mtu mzima, akawataka wampe yeye suruali zao ikiwa wameshindwa kuzivaa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea mbele kuelekea lango la gereza, na askari polisi wakafyatua bunduki.

Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Upande wa pili wa njia ilikuwapo Norfolk Hotel, na imesemwa na wengi kwamba Wazungu waliokuwa barazani nao walipiga risasi kuwaelekea watu waliokuwa wakikimbia. Hesabu ya serikali ilitaja waliokufa kuwa 21, kati yao wanawake 4. Watu wa mjini walisema kwamba waliokufa walizidi mara mbili ya hapo. Hesabu hizo mbili hazijapatana hata leo.

Thuku alisikia milio ile akiwa ndani ya chumba chake. Hakushtakiwa wala hakupelekwa mbele ya hakimu. Alichukuliwa hadi Pwani, na kutoka huko akapelekwa Kismayu, ambayo siku hizo ilikuwa bado chini ya Waingereza. Chama chake kilivunjwa.

Miaka ya Uhamishoni

Damu ile haikumwagika bure. Habari zilifika London, maswali yakaulizwa Bungeni, na huko Marekani Marcus Garvey, kiongozi wa watu weusi, alipeleka kwa Waziri Mkuu wa Uingereza maneno ya kulaumu mauaji hayo. Kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba katika koloni ya Kenya haja za Waafrika zitatangulia haja za wageni. Tangazo hilo lilitolewa khasa kwa ajili ya ugomvi wa Wazungu na Wahindi, na kwa miaka mingi lilibaki maneno ya karatasini. Hata hivyo neno likishaandikwa mtu aweza kulidai, na Waafrika walilidai.

Mwaka 1925 Kismayu ilikabidhiwa Waitalia, na mfungwa akahamishwa. Alikaa Lamu na Witu, kisha akapelekwa Marsabit, katika nchi kame ya kaskazini. Mtu aliyeondoka Nairobi akiwa na miaka 27 aliachwa huko mpaka karibu miaka 36. Wakati huo wenzake hawakulala. Chama kipya, Kikuyu Central Association, kilianzishwa, na mwaka 1929 Jomo Kenyatta alipotumwa Uingereza na chama hicho, kufunguliwa kwa Thuku kulikuwa miongoni mwa mambo aliyotumwa kuomba.

Kurudi, na Njia Kugawanyika

Alirudi mapema mwaka 1931, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa rais wa Kikuyu Central Association. Watu walimngojea yule kijana wa mwaka 1922. Lakini aliyerudi alikuwa mtu mwingine, mwenye kuamini kwamba sheria na majadiliano hufika mbali kuliko makelele. Haukupita muda mrefu ugomvi ukazuka baina yake na viongozi waliokiongoza chama alipokuwa hayupo, nao ni Joseph Kang'ethe na Jesse Kariuki. Palikuwa na maneno juu ya fedha na juu ya uongozi. Mwaka 1935 Thuku akaunda chama chake, Kikuyu Provincial Association, kilichoahidi kufuata njia ya sheria tu.

Huo ndio mwanzo wa majonzi katika maisha haya. Mtu aliyewaunganisha makabila alishindwa kuwaunganisha watu wa nyumba yake. Wazee waliopata kuongoza vyama wataelewa jinsi jambo hili linavyotokea. Mtu akiondolewa kwa miaka 9, wenzake hawasimami wakimngoja. Hujenga, na akirudi hukuta nyumba ina milango asiyoijua.

Mji nao ulibadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilibomolewa, na wenyeji wake wakahamishwa. Ndipo mtaa wa Shauri Moyo ulipojengwa, karibu na Pumwani. Mwaka 1944, Waafrika walipopata mjumbe wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, Bwana Eliud Mathu, kiliundwa chama cha nchi nzima cha kumsaidia, na Harry Thuku akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Hakukaa. Baada ya miezi michache alijiuzulu, James Gichuru akashika mahali pake, na mwaka 1947 Jomo Kenyatta. Chama hicho, kilichojulikana kwa jina la KAU, ndicho kilichofanya mikutano katika ukumbi wa Kaloleni wakati wa nguvu zake.

Wakati wa Hali ya Hatari

Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Thuku alisimama waziwazi kupinga Mau Mau, na Desemba mwaka ule alisema katika redio kuwataka watu waache njia hiyo. Hapa ndipo wazee wa mitaa yetu wanapogawanyika, na mgawanyiko huo si wa mchezo. Aprili 24, 1954, majeshi yaliuzunguka mji, yakaingia mitaa ya Eastlands mlango kwa mlango, na maelfu ya wanaume wakatiwa katika malori na kupelekwa kambini. Wake waliachwa na watoto, na wengine hawakuwaona waume zao kwa miaka. Watu wa nyumba hizo walijiuliza inawezekanaje kwamba mtu aliyefungwa bila kushtakiwa mwaka 1922 asimame upande wa serikali iliyokuwa ikiwafunga wao bila kuwashtaki.

Lakini pia wako waliozika watu wao kwa mikono ya upande wa pili. Mtaa wa Mbotela wachukua jina la Tom Mbotela, na mitaa ya Ofafa jina la Diwani Ambrose Ofafa; mmoja aliuawa Novemba 1952 na mwingine mwaka 1953. Basi katika mitaa hii hii mtu akitaka kuhukumu yampasa kwanza atazame jina la mtaa anaokaa.

Thuku mwenyewe hakubadili neno lake, wala uhuru ulipopatikana mwaka 1963 hakudai cheo. Alikuwa amegeukia kilimo katika shamba lake la Kambui. Mwaka 1959 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika halmashauri ya wakulima wa kahawa, Kenya Planters Coffee Union, katika zao ambalo kwa miaka mingi Waafrika wa Kiambu walikatazwa kulipanda. Alifariki Juni 14, 1970, akiwa na umri wa miaka 75, na mwaka ule ule kitabu cha maisha yake alichokieleza mwenyewe kikatolewa Nairobi.

Mafunzo kwa Chama Chetu

Tufanye nini basi na mtu kama huyu? Rai ya mwandishi ni kwamba haifai tumkate vipande viwili, kimoja tukitukuze na kingine tukitupe. Yule aliyeacha mshahara wake mwaka 1921 na yule aliyesema redioni mwaka 1952 walikuwa mtu mmoja, na kila mara alisema alichokiamini mbele za watu. Aliyempinga na ampinge kwa hilo. Lakini asimnyime lile la kwanza.

Kwa chama chetu liko funzo jingine. Umati wa mwaka 1922 haukuwa na daftari. Michango ilitolewa, mikutano ilifanywa, watu wakafa, na ukimwacha Mary Nyanjiru ni wachache sana kati yao tunaoweza kuwataja kwa majina. Sisi tuna daftari. Kila mwanachama akifa jina lake huandikwa, na kila shilingi inayotolewa kwa maziko yake huandikwa. Kazi hiyo ya katibu, ambayo wengine huiona ndogo, ndiyo iwakingayo watu wasipotee kama walivyopotea wale.

Kwa hiyo twawaomba wazee ambao baba zao au mama zao waliwasimulia habari za Pangani na za siku ile ya Machi 16, wasiende nazo kaburini. Na wamwone Katibu baada ya mkutano mkuu, waandikiwe wanayoyajua, hata likiwa ni jina moja tu la mtu aliyetoka nyumbani asubuhi ile na asirudi. Jina hilo litawekwa katika daftari letu, pamoja na majina ya wanachama waliotangulia.